Subiri Nimalize Kukamua

Isingiro, Kyerwa
14 Julai 2022

Kwa Bibi Edvina, Afisa Ustawi wa Jamii,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni Arinaitwe, baba yake Atuhaire, yule mtoto wa miaka minne uliyemchukua kwangu Jumatatu alfajiri ukiwa na askari. Nimepiga simu ofisini kwenu mpaka salio likaisha, nikaona heri niandike.

Najua ulichokiona. Ulikuta mtoto amefungwa kamba ya ndama kiunoni, ncha ya pili iko kwenye nguzo ya zizi. Ukaona na kovu la moto mkononi. Hata mimi ningeona hivyo kwa mtu mwingine ningekasirika. Lakini hukuuliza, kwa hiyo naomba nikujibu maswali ambayo hukuyauliza.

Atuhaire ana kifafa. Kinamwangusha bila hodi. Na sisi wafugaji, asubuhi na jioni tunawasha moto wa samadi zizini ili moshi ufukuze nzi, ng'ombe atulie akamuliwe. Ninyi watu wa migomba moto wenu unakaa jikoni. Wetu unakaa nje na ng'ombe. Mwaka jana alianguka kwenye moto huo, mkono wa kushoto ukaungua. Ndilo kovu uliloliona. Saa ya kukamua mimi niko chini ya ng'ombe, mama yake, Kokuhirwa, anaandaa vyombo vya maziwa, dada yake, Allen, anazuia ndama, na hakuna mkono uliobaki wa kumshika. Ndipo tukatumia kamba. Urefu wake niliupima mwenyewe. Inamfikisha kwa ndama anaowapenda, haimfikishi motoni. Tukimaliza kukamua tunamfungua.

Jambo la pili. Askari alinisomea ulichoandika, kwamba baba alipoitwa alisema, "Subiri nimalize kukamua." Ni kweli nilisema. Ng'ombe aliyekwisha kushusha maziwa haachwi njiani. Ukimwacha anayazuia, kiwele kinavimba, na wazee wetu wanasema umeifukuza baraka. Hata mchungaji wa kanisani akija akanikuta nakamua, husimama akasubiri. Sikujua umemfuata mtoto. Nilidhani umeleta habari za chanjo. Nilipoinuka, gari lilikuwa limeshageuza.

Nakuomba umrudishe. Na kama sheria inataka muda, basi nakuomba hili moja: waambie wanaokaa naye kwamba akiwa karibu na moto afungwe, au mtu mzima akae amemshika. Hata ukiyasahau mengine yote, hili usilisahau.

Ni mimi,
Arinaitwe

&nbsp;

Ofisi ya Ustawi wa Jamii, Kyerwa
2 Agosti 2022

Ndugu Arinaitwe,

YAH: MTOTO ATUHAIRE

Rejea somo hapo juu. Barua yako ya tarehe 14 Julai imepokelewa.

Mtoto yuko salama katika makao ya watoto wilayani Karagwe kwa amri ya mahakama, wakati uchunguzi unaendelea. Habari ya kifafa nimewafikishia walezi, na ameanzishiwa dawa.

Kuhusu ombi lako kwamba afungwe: siwezi kuwaagiza walezi wamfunge mtoto kamba. Hicho ndicho kilichotufanya tumwondoe kwako. Makao yana walezi waliosomea kazi yao, na watoto hawaachwi peke yao.

Kuhusu kukamua: maelezo yako nimeyasoma, sijayakubali. Nimelelewa Rugera, kwetu ni migomba na kahawa, na ng'ombe wetu ni wawili wa kufungiwa bandani. Mama yangu angeacha chungu kiungue akisikia nalia. Mtoto wako alilia, ndugu, na wewe hukuinuka. Niliandika nilichokiona.

Nimearifiwa pia kwamba mkeo alilala nje ya geti la makao. Tafadhali mshauri asirudie. Ziara zinaombewa kibali.

Wako katika kazi,
Edvina
Afisa Ustawi wa Jamii

&nbsp;

Isingiro
20 Novemba 2022

Bibi Edvina,

Atuhaire alirudi jana. Karatasi ya hakimu inasema uchunguzi umekwisha na sisi wazazi hatuna kosa.

Hukuwepo alipokabidhiwa, kwa hiyo nakuandikia ambacho hukukiona. Mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Walisema alikuwa jikoni na wenzake, mpishi akatoka kuchukua kuni, kifafa kikamwangusha juu ya mafiga. Vidole vitatu vimeshikana. Daktari anasema havitaachana bila kupasuliwa, na hata akipasuliwa hana hakika.

Kuna ng'ombe wetu mwekundu anaitwa Bihogo, ambaye mtoto huyu alikuwa anamwita wake. Bihogo alipolia jana, mtoto alikimbia akajificha nyuma ya mama yake. Mimi alinitazama kama wanavyotazamwa wageni.

Sikutukani. Tangu jana natafuta tusi linalotosha na silipati, nikaona heri niende mahakamani. Jirani yangu Lameck amekubali kuwa shahidi wangu kwamba mtoto tulikuwa tunamlea vizuri. Tutaonana huko.

Arinaitwe

&nbsp;

Kyerwa
9 Januari 2023

Ndugu Arinaitwe,

Nimepokea wito wa mahakama. Wakili wa Serikali ameelekeza nisiwasiliane nawe kwa maandishi wala kwa mdomo mpaka shauri limalizike. Barua uliyoituma wakati wa Krismasi inarudishwa kwako bila kufunguliwa.

Edvina
Afisa Ustawi wa Jamii

&nbsp;

Isingiro
27 Mei 2024

Bibi Edvina,

Shauri limekwisha, sasa unaruhusiwa kusoma.

Habari za mkono wa mtoto hazikusikilizwa. Hatukufika huko. Wakili wa Serikali alisimama akaweka pingamizi, kwamba afisa anayefanya kazi yake kwa nia njema analindwa na sheria, hashtakiwi yeye mwenyewe. Mwaka mzima na zaidi tumepangiwa tarehe na kuahirishiwa, halafu hakimu akakubali, shauri likafutwa kabla sijafungua mdomo. Lameck alikuwa amevaa koti lake la harusi kuja kunitolea ushahidi. Alirudi nalo Isingiro, akalitundika.

Hiyo nia njema nimeitafakari njia nzima. Mwaka juzi ng'ombe wangu waliingia kwenye shamba la mzee Kahigi wakala machipukizi ya migomba yote. Sasa, ng'ombe wana nia njema sana na migomba, hakuna anayeipenda kuliko wao. Lakini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji hakuna aliyeniuliza nia yao. Niliulizwa uharibifu. Tukaenda shambani pamoja, tukautazama, nikatoa ndama, tukapeana mikono. Leo Kahigi anakunywa maziwa kwangu. Nyinyi mmeanzia kwenye nia mkaishia hapohapo, shambani hatukwenda.

Usidhani nilitaka mshahara wako. Kokuhirwa alikuja kila tarehe ya kesi akisubiri kitu kimoja, useme, "Pole, mama." Siku ya mwisho ulipita mbele yake mlangoni ukitazama viatu vyako. Hilo limemuuma kuliko uamuzi wa hakimu, na mimi limenikasirisha mpaka sasa ninavyoandika.

Atuhaire anajifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Huo ndio wenye kovu la kwangu. Kovu la kwenu liko kwenye ule wa kulia, na kwa kovu la kwangu nilinyang'anywa mtoto.

Arinaitwe

&nbsp;

Rugera, Karagwe
16 Juni 2024

Baba Atuhaire,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka nyumbani kwetu, niko likizo, na barua hii haina namba ya jalada.

Uliyosema kuhusu viatu ni kweli. Nilikuwa nimeonywa kwamba neno lolote la pole litahesabiwa kuwa ni kukiri, na nikikiri mimi leo, kesho maafisa wenzangu wote watapandishwa kizimbani. Nilitii. Bado natii, kwa hiyo neno lile hutalikuta katika karatasi hii. Nakuomba usilitafute.

Lakini niruhusu nikueleze kwa nini sheria ile ipo, maana mahakamani hakuna aliyekueleza. Kazi yangu ni kugonga milango ambayo wenye nyumba hawataki igongwe. Wazazi wanaowaunguza watoto kwa makusudi nao wana maelezo, tena yamenyooka kuliko yako. Wana mchungaji wa kuwatetea na wana jirani mwenye koti. Kama kila nikikosea nafilisiwa mimi na mama yangu, nitagonga mlango upi? Ningekaa ofisini nikasubiri niwe na uhakika, na kwa wengine uhakika hupatikana mtoto akiwa ameshazikwa. Mtoto hana wakili, Baba Atuhaire. Ana hodi yangu tu.

Hayo nayaamini, hata leo. Na pamoja na kuyaamini, tangu nilipopata habari za ule mkono sijagonga mlango wowote. Napanga majalada. Zikija taarifa natuma wengine, na hao wengine wana sababu zao za kutokwenda, nami siwalazimishi. Nalindwa, na bado naogopa.

Jana nilimuuliza mama kama angekuwa anakamua akasikia nalia, angefanya nini. Akacheka, akasema kwetu ng'ombe anakamuliwa na yeyote aliye karibu, na akiudhika anaachwa mpaka jioni. Nikagundua kwamba ya kukamua siyajui, na siku ile nilidhani nayajua.

Msalimie Mama Atuhaire, kama atapokea salamu zangu.

Edvina

&nbsp;

Isingiro
3 Machi 2025

Edvina,

Shikamoo yako ya mwaka jana niliiacha bila jibu, tena kwa makusudi. Leo naijibu: marahaba. Na usidhani nimekuwa mtakatifu, naijibu kwa sababu nina shida.

Unamkumbuka Lameck mwenye koti. Tulichunga ndama pamoja tukiwa wadogo, mpaka leo ni rafiki yangu. Mke wake wa kwanza alifariki, akaacha binti anaitwa Vero, sasa ana miaka tisa. Tangu Januari Vero haendi shule. Wiki iliyopita Kokuhirwa alimkuta kisimani gauni limegandia mgongoni. Akalibandua kwa maji polepole, akakuta mistari ya waya, mipya juu ya ile ya zamani. Mtoto hakulia. Alichoomba ni kwamba tusiseme.

Kokuhirwa hakusema. Aliuliza. Aliuliza nani, lini, kwa sababu gani, na nani mwingine huwa nyumbani. Mtoto akasema baba akienda mnadani anamfungia kwenye stoo ya mahindi, na akirudi huanza kutafuta kosa lake. Mama wa kambo akijaribu kumzuia naye anapigwa.

Na mimi nikaenda kumuuliza Lameck mwenyewe kwanza, maana najua uchungu wa kuhukumiwa bila kuulizwa. Hakukana. Aliniambia, "Umesahau nani alikuvalia koti?" Kisha akasema mtu yeyote wa ustawi akikanyaga kwake atamburuta mahakamani kama nilivyokuburuta wewe.

Nikaenda kwa mtendaji wa kata, Methodius. Akanisikiliza vizuri, akaandika, halafu akaniambia, "Mzee, huko ofisini watasema hawataki tena mambo ya Arinaitwe." Alilisema hilo usoni pangu, bila ubaya wowote. Ndivyo wanavyoita siku hizi. Jina langu linafukuza maafisa kama moshi unavyofukuza nzi, na chini ya moshi huo Lameck amejificha na waya wake. Nimeona aibu ambayo sikuipata hata siku ile askari aliponisomea maandishi yako.

Kwa hiyo njoo wewe. Wengine wote nimewajaribu. Njoo ugonge, lakini ukigonga uliza. Nitasimama kuwa shahidi kwa jina langu hilihili, na Kokuhirwa pia. Lameck hatanisamehe, hilo nimeshalikubali. Tatizo ni kwamba ananywea pombe huko mnadani, na mnada mwingine ni wiki ijayo.

Arinaitwe

&nbsp;

Kyerwa
7 Machi 2025

Baba Atuhaire,

Shikamoo. Natuma kwa mkono wa Mwalimu Anatolia, anayerudi huko Isingiro, ili ikufikie leo.

Nitakuja Jumatatu mapema na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Nitaanzia kwako ili nizungumze na Mama Atuhaire kabla ya kwenda kwa Lameck. Nimekwisha kuzungumza na mwalimu wa Vero. Nitamuuliza mama wa kambo peke yake, na Lameck pia nitamuuliza. Mganga wa zahanati amekubali kumpima mtoto siku hiyohiyo. Kama kuna mtu mwingine ninayepaswa kumuuliza, nitajie, na kama kuna desturi ya nyumba ile ambayo mimi mtu wa Rugera siijui, niambie kabla sijaingia.

Sasa ombi langu, na ukilikataa sitashangaa. Vero anaye shangazi, Jenifa, wa Kimuli. Nimempata kwa simu, yuko tayari kumchukua, ila yuko Mwanza kwa matibabu mpaka mwisho wa mwezi. Sitaki mtoto aende makaoni. Anaweza kukaa kwa muda kwa familia inayofaa, lakini ni lazima afisa aikague nyumba, kisha aandike kwa mkono wake na kutia saini kwamba nyumba hiyo ni salama na wazazi wake wanajua kulea.

Nataka kuandika hivyo juu ya nyumba yenu. Mwanasheria wetu amenishauri nisifanye, kwa kuwa mlinishtaki, na maneno hayo mtu anaweza kuyageuza kuwa mengine. Nimemwambia nimemsikia.

Muulize Mama Atuhaire. Akikataa, mwambie nimeelewa.

Edvina

&nbsp;

Isingiro
6 Aprili 2025

Edvina,

Marahaba. Jenifa alifika juzi kutoka Mwanza, akalala hapa, jana akaondoka na Vero kwenda Kimuli. Mtoto alikuwa ameanza kunenepa. Shuleni ataanza Jumatatu, na mgongo umekauka, isipokuwa sehemu moja ambayo mganga anasema itabaki na alama. Nilitaka uzisikie hizi kutoka kwangu kabla hujazisoma kwenye taarifa.

Lameck ametoka kwa dhamana. Amefungua shauri, utakuwa umeshapata wito. Jina la kwanza ni lako, la pili ni langu, kwamba nilimchafua kwa watu. Wewe sheria itakulinda, nami safari hii nitafurahi ikikulinda. Kama itanilinda na mimi sijui, hakuna aliyewahi kuandika habari za nia yangu. Nitakwenda hivyohivyo niseme tulichokiona. Tunapokutana njiani Lameck haniamkii, na mimi inaniuma, maana ni mtu niliyekula naye tangu utoto.

Kwa zile siku Vero alizokaa hapa, saa ya kukamua alikuwa anakaa na Atuhaire amemzungushia mkono kiunoni, mbali na moto. Hatukumwagiza. Kamba tuliirudisha kwa ndama. Sasa ameondoka, na Atuhaire jana alikataa kamba, akasema anamtaka Vero. Imebidi Allen amshike huku mimi nikizuia ndama kwa goti. Bihogo amenikasirikia, lakini tutazoeana.

Karatasi uliyoiacha, ile ya nyumba kuwa salama, Kokuhirwa ameiweka ndani ya Biblia. Aliniomba nimsomee mara nyingi, mpaka sehemu ya "wazazi wanajua kulea" anaisema mwenyewe kwa Kiswahili, na wewe unajua Kiswahili chake kilivyo kidogo.

Lakini hicho sicho alichonituma nikuandikie. Kuna asubuhi ile ya Jumatatu mlipofika. Nilikuwa chini ya Bihogo, nikakuona langoni na yule askari wa kike. Nilijua umekuja kwa haraka, na nilijua mtoto wa watu yuko kwenye stoo ya mahindi. Moyo ulitaka niinuke. Ila Bihogo alikuwa ameshashusha, na mdomo wangu ukasema kwa mazoea yaleyale, "Subiri nimalize kukamua." Nilipoyasikia maneno hayo nikashtuka. Nikaona askari anafungua mdomo, na wewe ukamshika mkono. Mkasimama kwenye moshi, macho yanatoka machozi, mpaka nikainuka na maziwa yangu.

Kokuhirwa alikuwa mlangoni anasubiri kupokea chombo. Alikuona. Mlipoondoka kwenda kwa Lameck, aliniambia nisikuandikie tena habari za lile neno alilolingoja mahakamani, kwa sababu ameshalisikia.

Baba Atuhaire